Mpiga Picha wa Plough Lane

Katika nchi ya Uingereza, kusini-magharibi ya mji wa London, pana mtaa uitwao Wimbledon. Watu wengi duniani wanaujua kwa ajili ya mchezo wa tenisi, lakini mtaa huo una chama cha mpira wa miguu pia, nacho chaitwa AFC Wimbledon. Siku moja mpiga picha mmoja, mkaaji wa upande wa kaskazini wa nchi hiyo, alifunga safari kwenda kukitazama chama hicho kikicheza nyumbani. Mtu huyu alikuwa amekwisha kupiga picha katika viwanja vikubwa, vyenye watazamaji zaidi ya 50,000. Lakini alikuwa amesikia ya kuwa watu wa Wimbledon walinyang'anywa timu yao, wakaunda nyingine kwa mikono yao, na ya kuwa wenye chama ni wapenzi wake wenyewe. Akajiuliza, "Je, jambo kama hilo laweza kuonekana katika picha?"

Basi Jumamosi alfajiri akapanda gari la moshi, akafika London kabla ya adhuhuri. Kutoka stesheni ya Waterloo akapanda gari jingine, na muda wa nusu saa haukupita ila amefika Wimbledon. Hapo akatia mfuko wa kamera begani, akaanza kwenda kwa miguu pamoja na watu waliovaa rangi za buluu na manjano. Njiani akafuatana na mzee mmoja aliyemshika mkono mjukuu wake, msichana wa miaka kumi hivi. Mzee alipouona ule mfuko akamwuliza, "Bwana, umekuja kupiga picha za mchezo wetu?" Akajibu, "Ndiyo, mzee." Yule mzee akasema, "Kama ndivyo, yakupasa kujua kwanza tulikotoka."

Wakaenda polepole, na mzee akamweleza habari zote. Chama cha kwanza cha Wimbledon kilianzishwa mwaka 1889 na vijana waliokuwa wamesoma katika shule moja ya mtaa huo. Mwaka 1912 wakapata kiwanja katika barabara ya Plough Lane. Kwa miaka mingi walikuwa wachezaji wa ridhaa tu, wasiolipwa mshahara. Hata hivyo mwaka 1963 walitwaa kombe la wachezaji wa ridhaa wa Uingereza, na mchezaji wao Eddie Reynolds alifunga mabao manne siku hiyo, yote kwa kichwa. Mwaka 1977 wakaingia katika ligi kubwa ya nchi, na mwaka 1988 wakawashinda Liverpool kwa bao 1 kwa 0, wakalitwaa Kombe la FA mbele ya umati wa watu katika kiwanja cha Wembley.

Lakini baada ya furaha ikaja dhiki. Mwaka 1991 timu ilikiacha kiwanja chake, ikawa mpangaji katika kiwanja cha watu wengine. Kisha wenye mali wakataka kuihamisha kabisa, waipeleke Milton Keynes, mji ulio mbali kiasi cha kilometa 90. Tarehe 28 Mei 2002, watu watatu waliowekwa kuliamua shauri hilo wakatoa ruhusa. Watu wa Wimbledon walilia, lakini hawakukaa wakilia. Mwezi uliofuata wakatangaza ya kuwa kila mchezaji apendaye na aje kujaribiwa katika uwanda wa Wimbledon Common, na watu zaidi ya 200 wakaja. Tarehe 10 Julai 2002 timu mpya ikacheza mara ya kwanza, huko Sutton. Ikafungwa mabao 4 kwa 0.

"Mlifungwa manne!" akasema mpiga picha.

"Manne," akajibu mzee, "nasi tukaimba mpaka mwisho, maana tulikuwa na timu."

Wakaanza chini sana, katika ligi za vijijini. Kuanzia mwaka 2003 hata 2004 wakacheza michezo 78 ya ligi bila kushindwa, na mwaka 2011 wakarudi katika ligi kubwa ya nchi. Ilikuwa imepita miaka tisa tu.

Kufikia hapo walikuwa wamefika penye njia panda, na mzee akasimama. Akaonyesha kwa mkono majumba marefu ya kupanga. "Hapo ndipo palipokuwa kiwanja cha zamani," akasema. "Majumba hayo yamepewa jina la Reynolds." Mpiga picha akainua kamera yake, akaipiga picha ile njia panda, pamoja na mtoto akiyatazama majumba.

Kiwanja kipya kiko mbele kidogo, katika barabara ile ile ya Plough Lane. Si kikubwa, chaweza kupokea watu elfu tisa na kitu. Fedha za kukijenga zilipopunguka, wapenzi walikikopesha chama chao zaidi ya pauni milioni 5, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Na katika umoja wa wapenzi wenye chama hicho, kila mwanachama ana kura moja tu, awe tajiri au maskini. Haba na haba hujaza kibaba.

Tarehe 3 Novemba 2020 timu ikacheza nyumbani tena, baada ya miaka 29. Lakini mwaka ule ugonjwa wa Korona ulikuwa umeenea, na watazamaji walikatazwa kuingia. Mzee alisimama barabarani, nje ya ukuta, akisikia sauti za wachezaji na mpira ukipigwa ndani. Na baadhi ya rafiki zake, waliotoa fedha zao tangu mwaka 2002, walikuwa wamekwisha kufa bila kuiona siku ile.

Walipofika langoni wakaagana. Mpiga picha alikuwa na ruhusa, akapewa kizibao cha wapiga picha, akakaa nyuma ya mstari karibu na goli pamoja na wenzake. Kipindi cha kwanza akapiga picha za mpira kama wao. Kipindi cha pili, timu zikiwa bado hazijafungana, wenyeji wakashambulia, na wapiga picha wote wakaelekeza kamera zao kwa mshambuliaji. Yeye peke yake akageuka, akaupa mgongo mchezo, akaitazama safu aliyokaa yule mzee.

Mara bao likaingia. Yeye hakuliona, alilisikia tu. Watu wote wakaruka juu, na yule msichana akapiga kelele mikono yake ikiwa hewani. Lakini mzee hakuruka. Alikuwa ameshika chuma cha mbele yake kwa mikono miwili, wala hakutazama kiwanja. Alimtazama mjukuu wake. Hapo mpiga picha akabonyeza.

Kabla ya kipenga cha mwisho wageni wakasawazisha, mchezo ukaisha 1 kwa 1. Magazeti yalitoa picha za mabao, zilizopigwa na wengine. Yeye alisafisha ile picha moja, akaipeleka kwa yule mzee. Wahenga walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Enyi vijana, katika mtaa wenu huenda kipo kiwanja cha mpira, ijapokuwa kidogo. Ulizeni ni nani aliyeng'oa visiki vyake, ni nani anayekata majani, na ni nani anayetia chokaa katika mistari asubuhi ya mchezo. Kisha mwende mkamsaidie, maana kiwanja kisicho na watu wa kukitunza huchukuliwa upesi.