Ukimpeleka Mtoto Baharini, Uliza Maji Kwanza

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mikorosho, mihogo na mbaazi, huku juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Kutoka kwetu bahari haiko mbali sana. Hata hivyo, wako watoto wengi wanaomaliza shule bila kuiona. Wanasoma habari za mikoko na matumbawe kama wanavyosoma habari za barafu.

Kwa hiyo nilifurahi mwaka 2016 shule moja ya sekondari iliponiomba nifuatane na wanafunzi kwenda pwani ya Mtwara. Kila mzazi alitakiwa kuchanga nauli na chakula. Mama mmoja aliuza kuku wake wawili ili binti yake aende. Katika mkutano wa wazazi aliniuliza mbele ya watu wote, "Bwana shamba, mwanangu atarudi na nini?"

Nikamjibu, "Atarudi na elimu, mama." Jibu lilikuwa jepesi. Almanusura nirudi bila mtoto wake.

TULIVYOKOSEA

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Agosti. Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili tu kabla. Gari letu lilipata pancha njiani, tukafika pwani saa sita mchana. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mweupe umeenea mbali sana. Watoto walifurahi mno. Walikimbia mpaka kwenye fungu la mchanga, wakaanza kuokota makombe. Mimi na walimu tuliwafuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mwenyeji lolote.

Saa nane tulisikia mama mmoja aliyekuwa akitafuta pweza anapiga kelele, "Rudini! Maji yanajaa!" Tulitazama mbele, bahari ilikuwa bado mbali. Lakini tulipogeuka nyuma tuliona mkondo wa maji kati yetu na nchi kavu. Maji yalikuwa yamezunguka fungu na kupita nyuma yetu.

Yule mama alituonyesha mahali pa kuvukia. Tulishikana mikono mstari mmoja, wakubwa upande wa bahari. Maji yalifika kiunoni, kwa wadogo kifuani. Binti wa yule mama wa kuku aliteleza akazama. Nilimshika mkono wake nisiuachie. Tulivuka wote salama. Viatu, madaftari na chakula vilikwenda na maji.

Ndugu msomaji, kosa lilikuwa langu. Ningekuta mgeni anapanda mahindi huku kwetu bila kuuliza mvua, ningemcheka. Mimi nami niliingia katika shamba la watu bila kuuliza.

BAHARI INA SAA ZAKE

Baadaye nilirudi kwa yule mama na wavuvi wa pale, wakanifundisha. Nami nakufundisha wewe.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa mchana na usiku. Toka kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita. Kila siku saa hizo husogea mbele karibu dakika 50.

Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo huitwa bamvua. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani yetu huzidi mita tatu. Maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali. Hayo ni maji mafu.

Jambo kubwa ni hili: maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja polepole. Saa ya tatu na ya nne huja kwa kasi sana. Sisi tulidanganywa na ile saa ya kwanza.

SAFARI YA PILI

Mwaka 2018 tulikwenda tena. Safari hii tulitazama mwezi kwanza, ndipo tukapanga siku.

Tulianzia Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Huko wanafunzi waliona korosho ilivyotaka kutuponyoka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Miaka kumi na mitatu baadaye mavuno hayakufika tani 20,000. Bei ilikuwa ndogo, watu walihamishiwa vijiji vya mbali na mashamba yao, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Walionyeshwa jinsi ya kupuliza salfa, kupogoa matawi, na kupanda miche kwa nafasi ya mita 12 kwa 12.

Kisha tulikwenda Mikindani. Ni mji wa zamani, wenye boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya kuingia bara.

Mjini Mtwara tuliiona bandari. Ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947. Reli pia ilijengwa kwenda Nachingwea. Lakini mvua na udongo havikuchunguzwa vizuri, wala wakulima wenyeji hawakusikilizwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadaye hata reli iking'olewa. Mwanafunzi mmoja akaniambia, "Bwana shamba, hawa nao hawakuuliza maji." Tulicheka, lakini alisema kweli.

Siku ya pili tulikwenda Msimbati. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Vijiji vimo ndani ya hifadhi, na watu wanaishi na kuvua humo. Upande wa kusini mto Ruvuma unaingia baharini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Kwenye maingilio ya mto kuna msitu mkubwa wa mikoko. Mizizi yake huzuia udongo usichukuliwe na maji, na ndimo samaki wadogo na kamba hukulia. Mikoko ikikatwa ovyo, mvuvi hukosa samaki. Baruti nayo huvunja matumbawe, na matumbawe huchukua miaka mingi kukua tena.

Maji yalipokupwa tulishuka na mwenyeji. Aliposema "sasa basi," tulitoka.

JIBU LA YULE MAMA

Yule binti alikuwa kidato cha nne, akaja tena. Tuliporudi, alichukua kamba akaipima mita 12, akaenda nayo shambani kwa mama yake. Mikorosho ilikuwa imesongamana, matawi yameshikana. Walikubaliana ipi ipunguzwe. Mama alikuja kuniambia, "Sasa nimeona alichorudi nacho."

SHIKENI HAYA

1. Tazameni mwezi kabla ya kupanga siku. Ulizeni saa ya maji.
2. Ombeni ruhusa kwa ofisi ya hifadhi na kwa serikali ya kijiji.
3. Msishuke pwani bila mwenyeji anayeijua.
4. Wahesabuni watoto kabla ya kushuka na baada ya kutoka.
5. Maji yakianza kujaa, tokeni mara moja.
6. Mkirudi, wanafunzi wawaeleze wazazi walichojifunza.

MASWALI YA KUJADILI

Watoto wa kijiji chenu wamepata kuona bahari, mto mkubwa au kituo cha utafiti? Mngewapeleka wapi kwanza? Ni nani wa huko mtakayemwuliza kabla ya kwenda?