Mkate Chini ya Mretemu

Zipo habari ambazo katika jumuiya zetu huingia kwa mlango wa nyuma. Mtu akifariki kwa malaria, majirani huuliza alianza kuugua lini, alilazwa wapi, alipewa dawa gani. Mtu akijiua, maswali hukatika. Kinachobaki ni minong'ono: imani yake ilikuwa ndogo, ukoo wao una laana, kuna jambo alikuwa akificha. Sisi ni wanajumuiya ishirini na wachache katika parokia ya mashambani nchini Kenya. Katika miaka hii michache tumeketi na ndugu wawili waliotaka kufa, na tumemzika kijana mmoja ambaye hakumwambia mtu. Haya tunayoandika tumejifunza kwao, kwa muuguzi wa kituo chetu cha afya, na katika Maandiko.

Anayetaka kufa, mara nyingi anachotaka ni maumivu yakome, naye haoni mlango mwingine. Mmoja wa wale ndugu wawili, baba wa watoto wanne, alikuwa akidaiwa kila upande: karo, mikopo ya simu, mbolea aliyoichukua dukani. Usingizi ulikuwa umemtoroka kwa wiki kadhaa. Alituambia kwamba alikuwa amepiga hesabu usiku kucha, na kila hesabu ilimjibu kwamba watoto wangekuwa afadhali bila yeye. Hakusema kwa hasira wala kwa machozi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya gunia la mahindi. Muuguzi alitueleza kwamba sonona huifinya akili hivyo, mpaka mtu aone jambo moja tu, kama anayechungulia uani kupitia tundu la kufuli. Huku nje ya tundu, kifungua mimba wake alikuwa akimngoja barabarani kila jioni.

Je, ni imani ndogo? Musa, akiwa amelemewa na manung'uniko ya watu jangwani, alimwomba Mungu amwue. Ayubu na Yeremia waliilaani siku waliyozaliwa. Yona alitaka kufa. Bwana wetu mwenyewe, kule Gethsemane, aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ilikuwa na huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Hao si watu tunaoweza kuwahesabu wachache wa imani.

Lakini aliyetusaidia zaidi ni Eliya. Sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme tuliisoma jioni tatu mfululizo, na kila mara mtu aliona kitu kipya. Eliya ametoka kushinda mlimani Karmeli. Yezebeli anaapa kumwua, naye anakimbia mpaka Beer-sheba. Hapo anamwacha mtumishi wake na kuingia jangwani peke yake, mwendo wa siku moja. (Mama mmoja alitusimamisha hapo: yeyote aliyewahi kumwona mtu akianza kuwakwepa watu wake anaujua mwendo huo.) Anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu autwae uhai wake.

Tulidhani sasa atakemewa. Hakukemewa. Alilala. Malaika akamgusa, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akapewa chakula tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Usingizi, chakula, mkono wa mtu begani: huko ndiko Mungu alikoanzia. Hata alipofika Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini pale, akamsikiliza, kisha akamwuliza tena. Naye Eliya akarudia malalamiko yaleyale, neno kwa neno, wala hakukatizwa. Baadaye akapewa kazi na mwenzake, Elisha, na kuambiwa kwamba hakubaki peke yake kama alivyodhani. Walikuwako elfu saba.

Basi kwa yule baba tulifanya tulichosoma. Muuguzi alikuwa ametuhakikishia kwamba kumwuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpunguzia upweke wa kulibeba. Mzee wetu wa jumuiya akamwuliza, "Baba, unafikiria kujiua?" Akajibu ndiyo, akashusha pumzi kana kwamba ametua kuni. Hatukumwacha peke yake usiku huo. Mkewe na shemejiye waliondoa nyumbani kila alichoweza kujidhuru nacho. Uji ulipikwa. Asubuhi wawili wetu walimsindikiza hospitali, akaanzishiwa dawa na mazungumzo na mshauri nasaha. Sala zilikuwepo, nazo zilikuwa fupi. Madeni hayakufutika, ndugu mmoja anayejua mambo ya chama cha akiba aliketi naye na daftari, deni baada ya deni. Bado ana siku nzito. Siku hizo hutupigia simu.

Wapo wasio na jumuiya ya kupigia. Wakiwa Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupokelewa bila malipo. Na woga mmoja umepungua: mpaka juzi, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia nyingi zilificha mgonjwa wao kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kuwafunga wagonjwa kulikuwa ukatili, na tulifurahi kusikia hivyo.

Kuhusu yule kijana tuliyemzika, mama yake aliogopa kutuuliza swali moja kwa karibu mwaka mzima. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Ile ya 1983 haiwataji tena miongoni mwa wanaonyimwa. Katekisimu, aya za 2282 na 2283, inafundisha kwamba mateso makubwa ya akili na hofu nzito hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusiukatie tamaa wokovu wao, maana Mungu anazo njia azijuazo mwenyewe, na Kanisa huwaombea. Tulimsomea mama aya hizo mbili polepole, tukazirudia. Tunakiri kwamba Kristo alishukia kuzimu. Hatuoni gizani mahali ambapo hajawahi kufika.

Mwezi wa Novemba, kitabu cha marehemu kilipowekwa mbele ya altare, mama alikuja na kalamu yake mwenyewe. Akauliza kama jina linaweza kuandikwa pamoja na mengine. Tulimshikia kitabu akaandika majina yote matatu, la ubatizo, la nyumbani na la babaye, na Padre akayasoma.