Kutoka Bukama mpaka kiwanja cha Kamalondo

Mkaaji wa Bukama anayetaka kuona Mazembe ikicheza Lubumbashi haulizi gari ataliacha wapi. Anauliza treni itapita siku gani. Reli ilifika hapa mwaka 1918, lakini treni haifuati saa ya mpira. Wengine wanapanda lori. Mvua ikinyesha, barabara ni tope. Kiwanja cha Kamalondo, chenye nafasi ya watu karibu 18,000, kiko katikati ya nyumba za watu: mwenye gari aliache mbali, atembee. Kurudi ndiko kunakula feza. Mpira ukiisha jioni hakuna treni inayomngoja mtu, na kulala mjini si bure. Jamaa iliyokimbia vita, ambayo feza yake ni ya unga, inabaki karibu na redio.