Tulipongoja Maji ya Mkanda

Wengi wenu mna jamaa visiwani, na njia ya kuwazuru ni chombo. Leo twawasimulia safari yetu moja ya kutoka Lamu kwenda Faza, kwani ilitufunza jambo ambalo chuoni hatukulisoma.

Ulikuwa mwezi wa Julai, na kusi lilikuwa limeshika. Baada ya sala ya alfajiri tulipata habari kwamba shemeji yetu amefariki, na kwamba angeswaliwa adhuhuri. Saa tatu tulikuwa gatini. Nahodha akatuambia, "Shekhe, Mkanda haupitiki."

Mkanda ni mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko huku na huku. Upepo wa kusi haufiki humo kwa nguvu, lakini maji yakipwa chombo hukwama. Siku hiyo mwezi ulikuwa 16, nayo ilikuwa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Ukiwa nusu, huwa maji mafu. Bamvua ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Basi anayehesabu mwezi kwa ajili ya saumu anayo tayari hesabu ya bahari.

Abiria mmoja alishauri tupite nje, tuizunguke Manda kwa bahari kuu. Nasi, twakiri, tulimuunga mkono, na tukamhimiza nahodha kwa heshima ya kilemba chetu. Akatujibu kwa upole kwamba maji yalikuwa yakitoka mlangoni Shela, na kusi linaingia. Vikikutana, mawimbi husimama wima. Tukazidi kumshikilia.

Hapo mama mmoja kijana, mwenye mtoto mchanga kifuani, akasema, "Samahani, Shekhe. Sala ya maiti ni faradhi ya kifaya, na walioko Faza watatutosheleza. Mimi na mwanangu twangoja maji."

Tulinyamaza. Hukumu hiyo sisi wenyewe tumeisomesha miaka mingi.

Tukaswali adhuhuri mjini, kisha tukaondoka maji yakiwa yamepanda. Ndani ya Mkanda palikuwa shwari, hata mtoto akalala. Tulipotokea kwenye uwazi kati ya Manda na Pate, kusi likatupiga ubavuni, tukalowa sote; nahodha akapunguza mwendo, akayakata mawimbi moja moja. Hapo ndipo tulipofahamu yale ya nje yangekuwaje.

Tulifika Faza alasiri, marehemu amekwisha kuzikwa. Tukamswalia kaburini, jambo ambalo sheria yetu imeliruhusu. Uchungu wa kukosa kumsindikiza ungalipo. Lakini jioni ile hapana nyumba nyingine iliyotandika matanga kwa sababu ya haraka yetu.

Enyi mama na dada zetu, tawakkul haianzi baada ya kufumba macho. Kabla hamjapanda, ulizeni: mwezi wa ngapi leo? Maji yajaa au yapwa? Ni kusi, ambalo bahari yake huwa kali zaidi kuanzia Juni hadi Agosti. Ni kaskazi ya Disemba hadi Machi. Au ni tanga mbili, upepo unapogeuka bila kutabirika? Idara ya Hali ya Hewa imetoa onyo? Kila mtoto amevaa jaketi la kuokolea, la kipimo chake? Jawabu lisiporidhisha, kataeni kupanda, hata anayewahimiza akiwa mume, au shekhe.

Mwenyezi Mungu amrehemu shemeji yetu, na awajaalie salama wote walioko baharini. Amin.