Kupokea na Kula: Halua, Kahawa na Mgeni Mwenye Kisukari

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba, kitu kitamu hakiletwi mbele ya mgeni kwa ajili ya njaa yake, bali huletwa ili ajue kwamba kuja kwake kumefurahiwa, na ndiyo maana mtu anayeishi na kisukari anapokataa kipande cha halua, mwenyeji huelekea kusikia kwamba kilichokataliwa ni yeye mwenyewe. Uingereza, ambako familia nyingi za pwani zimehamia kwa masomo, kazi au ukimbizi, kukataa huko hakuna uzito huo, na mgonjwa aliyezoea kula ili asiudhi hugundua, pengine kwa mshangao, kwamba hakuna aliyeudhika.

Katika ofisi za huko, anayeadhimisha siku ya kuzaliwa mara nyingi ndiye anunuaye keki, akaiweka juu ya meza ya pamoja na kuwaarifu wenzake kwamba ipo. Atakaye hukata kipande, asiyetaka hupita, wala hakuna anayehesabu nani amekula na nani hakula. Hata pale mtu anaposogezewa sahani ya biskuti, jibu la "hapana, asante" kwa kawaida humaliza jambo, kwa kuwa kumsihi mtu mara ya pili na ya tatu huonekana kuwa ni kumwingilia katika mambo yake. Pakiti nazo husaidia, kwa sababu tangu 2013 serikali imependekeza kwa watengenezaji wa vyakula mfumo wa hiari wa rangi za taa za barabarani, ambao huonyesha nyekundu pale chakula kinapokuwa na zaidi ya gramu 22.5 za sukari katika kila gramu 100. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, yaani kile ambamo kongosho huacha kutengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari ya damu kuingia katika seli, wanaweza kupata mafunzo yaitwayo DAFNE, ambamo hujifunza kukadiria gramu za kabohaidreti katika mlo na kulinganisha nazo kipimo cha insulini, hata kipande cha keki kikawa ni hesabu na si kosa la kufichwa. Uhuru huu una thamani kubwa, ingawa una upweke wake, kwani yule asiyesihiwa mara ya pili huweza pia kukaa miaka na wenzake bila yeyote kumuuliza hali ya afya yake.

Nyumbani pwani, ugonjwa wenyewe huitwa sukari, na mtu husemwa kwamba "ana sukari", au kwamba sukari yake "imepanda" ama "imeshuka". Jina hilo fupi limezaa kosa lenye madhara, kwa maana familia humtilia mgonjwa chai isiyo na sukari, kwa huruma ya kweli kabisa, kisha ikamwekea pembeni maandazi matatu au kipande kikubwa cha mkate wa kumimina, bila kukumbuka kwamba wanga uliomo katika unga, mchele na muhogo humeng'enywa ukawa glukosi, sukari ile ile inayopimwa katika damu. Asali na tende hupewa msamaha kwa sababu ni vitu vya asili, na tende zaidi kwa heshima yake katika kufuturu, ilhali zaidi ya nusu ya uzito wa tende iliyokauka ni sukari. Tende moja ya kufungulia saumu ina nafasi yake, lakini kuila bila kuihesabu ni kujidanganya. Kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, hakitenganishi sukari iliyotokana na halua na ile iliyotokana na wali.

Halua, hata hivyo, ndiyo iliyo ngumu kuliko vyote kuikwepa. Hupikwa kwa sukari, wanga, samli, iliki na zafarani, ikikorogwa kwa muda mrefu mpaka ikanatana na kung'aa, na kazi hiyo huonekana katika kila kipande, hata anayeikataa hujiona kama aliyeidharau mikono iliyoipika. Kaimati zilizoviringishwa katika shira, visheti na vitumbua hufuata njia hiyo hiyo. "Onja tu, bibi, kidogo," husema binti wa nyumba, naye bibi huonja, na Waswahili wenyewe walikwisha kusema kwamba mwonja asali haonji mara moja.

Lakini desturi hii inayombana mgonjwa ndiyo pia iliyomwachia mlango, na inasikitisha kwamba ushauri mwingi wa afya huupita mlango huo bila kuuona. Pwani, kupokea na kula ni matendo mawili. Sahani ya futari inayoletwa na jirani hupokewa kwa mikono miwili, na adabu hutimia pale inapopokewa na baadaye kurudishwa ikiwa na kitu ndani, wala jirani haulizi ni nani aliyekila alicholeta. Katika arusi na maulidi, mgeni kuondoka na halua iliyofungwa si aibu bali ni sehemu ya takrima. Kwa hiyo bibi anayesema, "Sukari imenipanda, mwanangu, lakini nifungie, wajukuu watafurahi," amepokea heshima yote aliyopewa, ameutaja ugonjwa wake bila kunong'ona, na hakutia kitu kinywani. Sentensi hiyo moja humfaa mgonjwa wa Unguja kuliko "hapana, asante" ya Uingereza, ambayo ikitafsiriwa neno kwa neno barazani husikika kama mlango uliofungwa kwa kishindo.

Ipo hali moja ambamo sukari hugeuka kuwa dawa, na familia inayomwondolea mgonjwa kila kitu kitamu yapaswa kuijua. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, aweza kushukiwa na sukari hadi chini ya milimoli 4 kwa lita, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Hapo, maadamu anaweza kumeza, huhitaji gramu 15 hadi 20 za sukari inayofyonzwa haraka, sawa na vijiko vinne au vitano vya chai vilivyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Halua haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa samli huchelewesha sukari kufika katika damu.

Maskati, ambako Waomani wengi waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa tangu Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970, wameendelea kuzungumza Kiswahili majumbani mwao, desturi imekwenda hatua moja mbele. Mgeni huletewa halua na tende pamoja na kahawa, na kikombe chake kidogo hujazwa tena na tena mpaka akitikise kidogo mkononi anapokirudisha, ishara ambayo kila mmiminaji huielewa na ambayo haihitaji maelezo wala udhuru. Kilicho tamu kiko katika sinia, lakini kinachozunguka mkono kwa mkono ni kahawa isiyotiwa sukari, kama ilivyo kahawa chungu ya barazani Unguja na Mombasa, na mwenye kisukari aweza kuipokea mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, akakaa katika mazungumzo hadi mwisho, kipande cha halua kikiwa mbele yake kikingoja kufungwa.