Ujira wa Mtoto Katika Duka la Baba

Sisi wenye maduka madogo hapa Uvira twapenda kusema: "Nina watoto, mfanyakazi wa nini?" Kijana hubeba magunia, binti huanika ndagala na kupima chumvi, nao hupewa chakula na nguo. Ndivyo nilivyokua mimi, na ndivyo wakuavyo wengi toka Kalundu mpaka Kavimvira. Lakini yafaa tujiulize, ndugu wasomaji: kazi hiyo nani aihesabu?

Shemeji yangu akaaye Marekani aliniandikia kwamba huko baba mwenye biashara yake mwenyewe aweza kumwandika mwanawe katika daftari la mishahara. Ujira ule hutolewa katika faida kabla kodi haijahesabiwa. Tena mtoto akiwa hajatimiza miaka 18, ujira huo haukatwi mchango wa malipo ya uzeeni. Serikali yao yataka tu kazi iwe ya kweli, na ujira ulingane na kazi. Akauliza: "Nanyi Kongo, mbona hamfanyi hivyo?"

Nilitafuta jibu, nalo ni hili. Kwa mchuuzi mdogo, sheria ya mwaka 2013 iliweka kwamba mwenye mauzo yasiyopita franka milioni 10 kwa mwaka atoe franka 50,000. Aliyepita hapo, lakini hajafika milioni 80, atoe 1% ya mauzo ya bidhaa, au 2% akiuza huduma. Liangalieni neno hilo: mauzo, si faida. Kwa kodi ya namna hiyo, umlipe mwanao au usimlipe, deni lako ni lile lile.

Zamani za Wabelgiji mambo yalikuwa mengine. Kodi ya kichwa ilimdai kila mwanamume mzima, lakini baba mwenye mke mmoja na watoto wanne au zaidi alisamehewa. Watoto walimpunguzia baba kodi kwa kuzaliwa tu, si kwa kazi yao.

Basi mtu atasema: "Kama kodi haipungui, nimlipe kwa nini?" Hapo mimi sikubaliani naye. Katika mtaa wetu kijana mmoja alilitumikia duka la baba yake miaka kumi na miwili, wadogo zake wakisoma kwa fedha ya duka lile. Baba alipofariki, mali iligawanywa sawasawa. Kijana alidai jasho lake, wadogo wakamjibu: "Imeandikwa wapi?" Haikuandikwa popote. Duka limefungwa, na hao waliozaliwa tumbo moja hawasalimiani njiani. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena kuna jambo la umri. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yaruhusu kijana wa miaka 16 hadi 18 kuajiriwa kwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya. Mtoto mdogo kusaidia nyumbani ni malezi. Kumtoa shuleni ili alinde duka ni kumwibia, hata mwizi akiwa baba yake.

Binti yangu ana miaka 17. Alasiri, akitoka shuleni, huandika mauzo ya siku, magunia hayagusi. Kila Jumamosi nampa ujira wake, naye hutia sahihi. Nusu huweka akiba ya masomo, nusu ni yake. Mke wangu aliona kwanza kuwa ni ajabu mzazi kumlipa mtoto anayemlisha. Sasa huona jinsi binti anavyojua bei ya kila kitu, na jinsi anavyoniuliza nilipochukua fedha sandukuni bila kuandika.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, msingoje serikali iwapunguzie kodi ndipo muihesabu kazi ya watoto wenu. Nunueni daftari leo, mkaandike jina la mtoto, siku na ujira. Siku mtakapokuwa hampo, daftari hilo litasema kwa niaba yenu.