Nukta Tatu za Shini: Mashine ya Valvu na Suala la Uaminifu

Istilahi ya uaminifu si ngeni kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mhariri wa miswada huulizwa kama amekuwa mwaminifu kwa mkono wa mwandishi. Mfasiri huulizwa kama amekuwa mwaminifu kwa matini asilia. Naye mkusanyaji wa fasihi simulizi huulizwa kama alichokiandika ndicho alichokisikia. Swali hili la tatu ndilo gumu zaidi, kwa sababu baina ya kinywa cha msanii na daftari la mkusanyaji aghalabu huwapo chombo, na chombo hicho hakitajwi. Makala haya yanakitazama chombo kimoja cha namna hiyo, pamoja na mtu mmoja aliyekimiliki, na neno moja ambalo chombo hicho kilimwondolea yakini.

Chombo chenyewe ni priamplifaya ya valvu iitwayo Quad 22, iliyoundwa Huntingdon, Uingereza, na kampuni iliyoasisiwa na Peter Walker mwaka wa 1936. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1959, na ilipofika 1967 kampuni hiyo ikaiacha na kutoa nyingine ya transista mahali pake. Priamplifaya ni mashine inayoitangulia amplifaya: hupokea mnong'ono wa umeme unaotoka kwenye sindano ya santuri, ambao hauzidi sehemu chache za elfu za volti moja, ikautengeneza na kuukuza kiasi cha kuweza kuendeshwa mbele. Ndani ya Quad 22 mna valvu nne ndogo, EF86 mbili na ECC83 mbili. Haina chanzo chake cha umeme. Hulishwa na amplifaya wenzake, Quad II mbili, moja kwa kila spika. Tangazo la kampuni lilidai kwamba mashine zake ndizo njia ya karibu kabisa ya kuifikia sauti asilia. Dai hilo ndilo litakalopimwa hapa.

Mmiliki alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwenyeji wa Mombasa. Aliinunua seti nzima mwaka wa 1998 katika mnada wa vyombo vya nyumba jijini Nairobi, akairudisha kwao kwa gari la moshi, imefungwa ndani ya blanketi. Fundi wa redio aliyeifungua alikuta hewa ya chumvi haijaigusa bado, akabadilisha kapasita zilizozeeka, kisha akatoa onyo moja: "Mwalimu, humu mna volti zaidi ya 300, na ukizima hubaki zimejificha. Usitie mkono wako kabisa." Mwalimu alilitii onyo hilo kwa miaka yote iliyofuata.

Alichokibaini kwanza ni kwamba mashine ilimtaka kusubiri. Transista huitika papo hapo, ilhali valvu hutaka kupashwa moto. Nusu dakika hivi ilipita baina ya kuwasha na kusikia, na katika muda huo Mwalimu aliketi kimya kama mtu anayengoja mwadhini amalize. Jambo la pili ni kwamba valvu husikia hata lisilotakiwa. Alipogonga rafu kwa ukucha, EF86 iliurudisha mlio huo kwenye spika kama kengele ya mbali. Jambo la tatu ndilo wapenzi wa valvu hulisema kila mahali, nalo ni joto la sauti. Sauti za waimbaji zilionekana kusogea karibu, na nyuzi za udi zikawa na unyevu ambao hakuwahi kuusikia katika mashine yake ya zamani.

Yafaa kulichuja dai hili la joto. Jioni moja binti yake alifunika mashine zote mbili kwa kanga, akawa anabadilisha nyaya za spika bila babake kuona. Mwalimu, aliyeapa kuwa angeitambua valvu hata usingizini, alikosea mara nyingi kadiri alivyopatia. Ni kweli kwamba valvu huweza kuongeza juu ya kila sauti kivuli chake cha oktava moja, na kivuli hicho hupendeza sikioni. Lakini katika priamplifaya iliyoundwa vizuri kivuli hicho ni chembamba mno. Sehemu kubwa ya joto lile ilikuwa machoni, katika wekundu wa nyuzi ndani ya vioo. Mwalimu alicheka, akakubali. Hata hivyo hakuirudia ile ya zamani, kwa kuwa thamani ya mashine hii kwake ilikuwa imekwisha hamia mahali pengine.

Ili kupaelewa mahali hapo hapana budi kueleza jinsi sahani ya santuri inavyoandikwa. Mkataji wa sahani hawezi kuichora sauti kama ilivyo. Sauti nzito zikiachwa na ukubwa wao, mfuo mmoja utavamia mwenzake. Kwa hiyo hupunguzwa. Sauti nyembamba za juu nazo huzama ndani ya mkwaruzo wa sahani. Kwa hiyo huongezwa. Priamplifaya hutakiwa kuyatengua yote mawili: kuongeza kilichopunguzwa na kupunguza kilichoongezwa. Kwa maneno mengine, sahani ni matini iliyoandikwa kwa kumtegemea msomaji anayeijua kanuni. Kanuni moja ya wote, iitwayo RIAA, ilikubaliwa nchini Marekani mwaka wa 1954, na baadaye ikaenea ulimwenguni. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na yake, na sahani nyingi za Uingereza za mizunguko 78 kwa dakika zilikatwa bila sauti za juu kuongezwa hata kidogo. Sahani ya namna hiyo ikisomwa kwa kanuni ya RIAA, hupokonywa takriban desibeli 8 kwenye kilohezi 5, na takriban 14 kwenye kilohezi 10. Sauti hutoka, wimbo hutambulika, lakini ncha za konsonanti huwa zimefutwa.

Mwalimu alikuwa na sahani moja tu ya mizunguko 78, iliyokuwa ya mamake. Ilikuwa ya tarabu, ya miaka ya 1950, lebo yake imekwanguka hata jina la mwimbaji halisomeki. Mwaka wa 1979 aliinakili kwenye kaseti kutoka kwa redio ya kabati ya jirani, kisha akayaandika maneno yake daftarini. Kwa kaseti hiyo aliufundisha wimbo huo kwa karibu miaka 20. Wanafunzi wake walijifunza kwamba ulikuwa wimbo wa kuridhika, na uthibitisho ulikuwa kitenzi kimoja katika ubeti wa tatu: mwanamke anasema pendo limemtosha. Hakuwaambia wanafunzi kwamba kila alipokifikia kitenzi hicho alimwona mamake, aliyelea watoto wanne peke yake ilhali mume yu baharini katika kazi ya meli, akarudi baada ya miaka mingi, akapokewa bila neno. Mama huyo aliuimba wimbo ule akipeta mchele. Alifariki mwaka wa 1987, na mwanawe akabaki na faraja kwamba mamake alikuwa mtu aliyetoshelezwa.

Alipopata sindano pana inayostahili mifuo ya sahani za zamani, aliiweka sahani ile kwenye Quad 22. Mashine hiyo ina kichujio cha kukata sauti za juu kwenye kilohezi 10, 7 au 5, na kidude cha kuamua mkato uwe mkali au wa taratibu. Ina pia kidude cha kuongeza au kupunguza sauti za juu. Alianza na kichujio kwenye 5, ili kuupunguza mkwaruzo. Pendo likatosha kama kawaida. Akakiondoa kichujio na kuziongeza sauti za juu ili kulipa zile zilizopokonywa. Mkwaruzo ukaja kama mvua juu ya mabati, na ndani ya mvua ile mwanamke akasema kwamba pendo limemtosa.

Kutosha ni kupata kiasi; kutosa ni kutumbukiza majini. Baina ya maneno hayo mawili pana wimbo mzima. Kwa upande wa fonetiki hakuna muujiza: sauti /s/ hubeba nguvu yake nyingi juu ya kilohezi 4, ilhali /sh/ huanza chini yake, hivyo anayezikata sauti za juu huipunguza tofauti yao, na anayezizidisha huweza kuitia /sh/ ukali usiokuwa wake. Kanuni za arudhi nazo hazikumsaidia Mwalimu. Mizani ni ile ile kwa maneno yote mawili, na neno lenyewe limekaa katikati ya kipande, mbali na kina cha kati na kina cha mwisho. Maudhui hayakuamua pia, kwa kuwa beti zilizosalia, zikisomwa upya, zilikubali kuzama kwa urahisi ule ule zilivyokuwa zimekubali kuridhika.

Hapa ndipo mhakiki wa miswada anapoikuta njia anayoijua. Katika hati za Kiarabu ambazo Waswahili walizitumia kuandikia tenzi na mashairi, sini na shini ni herufi yenye umbo moja. Kinachozitenga ni nukta tatu juu ya shini. Mnakili aliyechoka au mdudu aliyekula karatasi hutosha kuigeuza moja kuwa nyingine. Wasomaji wa miswada walilijua hilo, ndiyo maana hawakusoma peke yao. W. E. Taylor alipoyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji mjini Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alimtegemea Mwalimu Sikujua, mwenyeji aliyeijua lugha na mambo yaliyotajwa. Na Hichens alipoyachapisha mwaka wa 1940, aliichapisha pia kazi ya sikio hilo. Katika santuri, kilohezi zile za juu ndizo nukta tatu za shini. Hali hii haikuanza na sahani ya mama mmoja wa Mombasa. Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka wa 1928, kurekodi kwa maikrofoni na valvu kulikuwa kumekwisha anza tangu 1925. Atakayeandika maneno ya nyimbo zake kutoka kwenye sahani hizo naye anausoma muswada ambao nukta zake zimewekwa na mashine.

Mwalimu alifanya alivyofanya Taylor, alimwendea mwenyeji. Alikuwapo mama mmoja mkongwe, shoga wa mamake tangu ujana, waliyeimba pamoja arusini. Alimuuliza ni neno lipi. Mkongwe yule alinyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, sisi tukiliimba vile lilivyokuja. Mamako akilifika neno hilo akiinamisha uso kwenye ungo. Mimi sikumuuliza, na yeye hakunambia."

Jibu hilo halikuliamua neno, bali lilibadilisha kazi ya Mwalimu. Hadi siku ile alikuwa ameiachia kaseti wajibu wa kusoma, na kwa miaka yote akadhani yeye ndiye aliyesoma. Quad 22 nayo haikumpa sauti asilia iliyotangazwa. Ilimpa vidude vya kuzungusha, na kwa kila kidude ikamlazimisha kukiri kwamba anachokisikia amekichagua. Chombo kinachojidai kutochagua ndicho cha kuhofiwa zaidi, kwa sababu msikilizaji hulala mikononi mwake.

Daftari la Mwalimu lina masahihisho ya ukurasa huo. Hakulifuta neno la kwanza. Juu yake aliandika la pili kwa wino mwingine, na pembeni akaongeza maelezo mafupi: "tosha, kaseti ya 1979, tosa, sahani, kichujio wazi, sauti za juu zimeongezwa." Chini ya hayo aliandika tarehe aliyokwenda kwa shoga wa mamake, na mbele ya tarehe hiyo hakuandika neno lolote.